Ndoo ya Sifongo wa Mwisho

Kila asubuhi Fundi Kamba aliketi kwenye kigoda chake bandani, nyuma ya nyumba, akasuka kamba. Ncha moja aliifunga kwenye msumari wa ukutani. Nyuzi tatu zilipita mikononi mwake. Ya kulia juu, ya kushoto juu, ya kulia tena. Alisuka bila kutazama, kama mtu anayejikuna.

Binti yake alikaa kizingitini, kikombe cha chai mkononi. Majirani wote walimwita Kasuku, maana mdomo wake haukujua likizo.

"Baba, samaki hulala?"

"Hulala."

"Hulala macho wazi?"

"Sijui."

"Mama alijua. Baba, mbona hunitazami?"

"Nasuka, mwanangu."

"Mama alikuwa anafanya kazi na kunijibu."

Mikono ya Fundi Kamba ilisimama kidogo. Kisha ikaendelea.

Mke wake, Mama Kasuku, alikuwa amefariki mwanzoni mwa mvua. Aliugua muda mfupi tu. Mvua ziliisha, jua likarudi, na nguo zake bado zilikuwa zimekunjwa sandukuni. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kuzigusa.

Mama Kasuku alikuwa mkulima wa sifongo. Sifongo ni kile kitu laini chenye matundu mengi ambacho watu huogea. Hukua baharini. Fundi Kamba alisuka kamba, na mke wake alizipeleka kwenye maji mafupi na kuzifunga kwenye nguzo. Kwenye kamba hizo alipanda sifongo, akawalea mpaka wakakua. Walipovunwa, walikuja kwenye chumba cha kuoshea kilichokuwa kando ya banda. Hapo ndipo kazi ya mume ilipoanza. Aliwaloweka kwenye hodhi ya saruji, akawakanda, akawakamua. Sifongo aliyevunwa hutoa maji mazito yenye rangi kama ya maziwa yaliyochanganywa na udongo. Fundi Kamba aliwakamua mpaka maziwa yale yakaisha. Kisha aliwaanika.

"Baharini kwangu, hodhini kwako," mke wake alikuwa akisema. Na ndivyo walivyoishi. Fundi Kamba hakuuliza hata siku moja sifongo hupandwaje.

Sifongo wa Mama Kasuku walikuwa na sifa. Wauguzi wa zahanati waliwapenda kwa kuwaogeshea watoto wachanga. Siri haikuwa kubwa. Kila mavuno, Mama Kasuku alichukua sifongo mmoja mmoja aliyeoshwa na kumpitisha kwenye shavu la binti yake.

"Huyu vipi?"

"Anakwaruza."

"Na huyu?"

"Huyu ndiye, mama!"

Basi ndugu wa yule laini, yule aliyebaki kwenye kamba, aliyekatwa kutoka kwa mama mmoja naye, ndiye aliyepandwa tena. "Shavu la mtoto halidanganyi," alisema. Alifanya hivyo miaka na miaka, mpaka sifongo wake wakawa laini kuliko wote.

Tangu afariki, hakuna aliyekwenda kwenye zile kamba.

Asubuhi hiyo, sauti kali ilisikika mlangoni. "Hodi humu! Au kamba imewafunga midomo?"

Alikuwa shemeji, mdogo wa marehemu Mama Kasuku, fundi wa cherehani. Hakuwahi kuingia bandani bila kumtania mume wa dada yake.

"Karibu, shemeji," alisema Fundi Kamba. "Mdomo wangu umefungwa, lakini wako unatutosha wote."

"Afadhali wangu unasema kweli. Muuguzi kaniuliza tena habari za sifongo. Kamba za dada yangu zinaozea majini, na wewe umekaa unasuka nyingine. Za kumfunga nani?"

"Shemeji, niache."

"Nimekuacha mvua nzima. Leo sikuachi. Maji yamekupwa. Simama twende."

Fundi Kamba alimtazama. Kwa pembeni, shemeji alifanana sana na dada yake. Aliinuka, akachukua ndoo, wakatoka wote watatu.

Maji yalikuwa yamerudi nyuma, na walitembea mpaka kwenye nguzo huku maji yakiwafika magotini.  Kasuku alitangulia, nguzo hadi nguzo. Kamba zote zilikuwa zimeota nywele za mwani. Matope yalizifunika. Sifongo walining'inia, lakini hawakuwa wazima. Wengine walikuwa wameoza na kutoa harufu. Wengine walibaki nyuzi tupu, kama sega la nyuki lililoachwa na nyuki.

Shemeji alikata mwani mmoja, akautupa. Akakata mwingine. Kisha akaacha.

"Wote," alisema kwa sauti ndogo. "Dada, wote."

"Si wote!" Kasuku aliita kutoka kwenye nguzo ya mwisho. "Baba, huyu hapa!"

Alikuwa mmoja tu, mkubwa kama ngumi. Nusu yake ilikuwa imefunikwa na tope. Ubavuni mwake alikuwa ameota sifongo mwingine, mwekundu, yule wa porini ambaye wakulima humwona kama magugu. Lakini upande wa juu ulikuwa bado na rangi ya kahawia, na ulikuwa unateleza kama kitu kilicho hai.

Fundi Kamba alimshika kwa mikono miwili.  Huyu alikuwa kazi ya mkono wa mke wake, aliyempanda mwenyewe. Alimng'oa mzima mzima, hakubakisha kitu kwenye kamba. Alimtia kwenye ndoo ya maji ya bahari na kumkimbiza nyumbani kama mtu aliyebeba mgonjwa.

Njiani alijiambia: ni mchafu sana, ndiyo maana anaugua. Lazima asafishwe. Na kusafisha sifongo, hakuna aliyemshinda.

Alifika chumba cha kuoshea. Alimfunga sifongo kwenye kitambaa chepesi cha kuchujia, asije akakatika. Akamtumbukiza ndani ya ndoo ileile, akaanza kukamua. Taratibu, kwa upole, kwa mapenzi yote aliyokuwa nayo. Maji ya maziwa yalitoka, naye akafurahi. Uchafu unatoka! Akakanda tena. Akakamua tena, mpaka maji ndani ya ndoo yakawa mazito.

Alipofungua kitambaa, kilichokuwamo kilikuwa mfupa wa nyuzi, mwepesi, safi, tayari kuanikwa.

Shemeji alikuwa amefika mlangoni. Aliangalia kitambaa, akaangalia ndoo.

"Umefanya nini?"

"Nimemwosha."

"Umemwosha au umemuua? Wewe! Hivyo ndivyo tunavyowafanya wanaokwenda sokoni!"

Fundi Kamba alitazama mikono yake. Ndipo akaelewa. Kwa miaka yote mikono ile ilikuwa imejua jambo moja tu kuhusu sifongo: kumtoa uhai vizuri. Alikaa chini sakafuni, mgongo ukutani, na zile nyuzi tupu mapajani.

"Alikuwa wa mwisho," alisema. "Aliniachia mmoja tu."

Kasuku alianza kulia. Shemeji naye alilia, lakini yeye hulia huku akifanya kazi. Alipangusa macho kwa kiwiko, akanyanyua ndoo. "Haya. Ngoja nikamwage uchafu huu. Tuone vya kufanya."

"Usimwage!"

Sauti ilitoka uani. Alikuwa jirani yao wa ng'ambo ya ua, mama mmoja mwenye miwani minene. Watu walimwita Bi Hadubini. Hadubini ni chombo kinachokuza vitu vidogo sana hadi vionekane, na mama huyu alikitumia kila siku katika kituo cha utafiti wa viumbe vya bahari, mwisho wa barabara. Kelele za shemeji zilikuwa zimevuka ua, naye alikuja mbio, kiatu kimoja mguuni.

"Weka ndoo chini, mdogo wangu. Polepole. Maji haya ni ya bahari au ya bomba?"

"Ya bahari," alisema Fundi Kamba. "Sikupata muda wa kubadilisha."

"Ashukuriwe Mungu. Yangekuwa ya bomba, tungekuwa tunazungumza mengine. Umekamulia ndani ya kitambaa?"

"Ndiyo. Nimekamua vyote, jirani. Nimemmaliza."

Bi Hadubini alichuchumaa na kuchungulia ndani ya ndoo. Alitazama kwa muda mrefu. Kisha akakaa sakafuni pamoja nao.

"Baba Kasuku, nisikilize. Hujamwua. Umemtawanya."

"Kuna tofauti gani?" aliuliza shemeji. "Mtu akitawanywa hivi, si ndiyo kufa kwenyewe?"

"Mtu, ndiyo. Mimi na wewe tukipitishwa kwenye kitambaa, habari imeisha."

"Wewe labda. Mimi mwili huu kitambaa kitachanika."

Kasuku alicheka katikati ya kilio, kamasi likamtoka. Bi Hadubini alimpangusa kwa upindo wa nguo yake.

"Kasuku, sifongo ni nini?"

"Ni mmea wa baharini."

"Wengi hudhani hivyo. Sifongo ni mnyama. Hana mdomo, hana tumbo, hana moyo wala ubongo. Kazi yake ni kuchuja maji. Anayavuta kupitia vitundu vidogo, anachukua chakula kilichomo, halafu anayatoa kupitia tundu kubwa. Sasa, mwili wake, kama wako na wangu, umejengwa kwa vitu vidogo vilivyo hai. Vidogo mno, macho hayavioni. Vinaitwa seli. Ni kama matofali ya nyumba."

"Na baba amebomoa nyumba," alisema Kasuku.

"Amebomoa. Lakini matofali hayakuvunjika. Yamo humu." Aligonga ndoo kwa kidole. "Yale mnayoita maziwa si uchafu. Ni seli zenyewe, zinaelea moja moja. Na matofali haya yana maajabu yake. Yanatembea. Yanatafutana. Yakikutana na ya aina yake, yanashikana. Yakiachwa kwa utulivu, yanaweza kujijenga tena."

Fundi Kamba alitikisa kichwa. "Jirani, mimi ni msuka kamba. Nikiifumua kamba, nyuzi zinabaki nyuzi. Hazijisuki zenyewe. Usinipe moyo wa bure."

"Nami sitakupa. Nakwambia nilichokiona kwa macho yangu. Kituoni tumewapitisha sifongo kwenye kitambaa namna hii, na nimeziona seli zikijisuka. Lakini si kila aina humaliza safari. Nyingine hufika nusu, zikabaki vidonge, zikafa. Huyu wa marehemu sijui atafika wapi. Nijualo ni hili: ukimwaga, hatafika popote."

"Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki," alisema shemeji.

"Basi tusiyamwage."

Kazi ikaanza palepale. Bi Hadubini alileta sahani bapa za kioo kutoka kituoni na kioo cha kukuzia. Aliwaagiza Kasuku na shemeji wakachote maji safi ya bahari, mbali na matope, wayachuje kwa kitambaa. Shemeji alitaka kusuuza sahani kwa sabuni.

"Hapana, sabuni ni sumu kwao. Suuza kwa maji ya bahari tu. Na maji ya bomba yasikaribie hata tone. Seli za bahari zikitiwa maji yasiyo na chumvi hufura na kupasuka."

"Kumbe wana madeko kuliko maharusi," alisema shemeji. Lakini alisuuza vizuri.

Waliacha ndoo itulie kwanza kivulini. Seli zilizama polepole. Kisha walimimina zile za chini kidogo kidogo kwenye sahani, wakaongeza maji safi juu yake.

"Tabaka jembamba," alionya Bi Hadubini. "Zikirundikana zinakosa hewa, zinaoza."

Fundi Kamba ndiye aliyemimina. Sahani ya mwisho aliijaza sana. Bi Hadubini alimtazama, lakini yeye alisema, "Niachie hii, jirani. Sitaki hata moja ipotee." Naye akamwachia.

Walizipanga sahani kwenye meza ya kuanikia, pahali penye ubaridi, mbali na jua. Wakazifunika kwa kitambaa.

Jioni kabla ya giza, Kasuku alichungulia kwa kioo cha kukuzia. "Baba! Kuna mchanga!"

Haukuwa mchanga. Ule ukungu uliokuwa chini ya sahani ulikuwa umeanza kukusanyika. Kulikuwa na chembe ndogo ndogo, kila mahali.

Asubuhi yake, wote wanne waliinamia meza. Chembe zilikuwa zimekua. Sasa zilionekana hata bila kioo, kama mbegu ndogo. Lakini kulikuwa na jambo ambalo hakuna aliyelitegemea isipokuwa Bi Hadubini. Mbegu zilikuwa za rangi mbili. Kulikuwa na za kahawia, na kulikuwa na nyekundu. Hazikuchanganyika.

"Ni yule mwekundu wa porini," alisema Fundi Kamba. "Nilimkamua pamoja naye. Sikumtenga."

"Wamejitenga wenyewe," alisema Bi Hadubini. "Seli ina alama zake juu ya mwili. Ikigusana na ya aina yake, zinatambuana na kushikana. Ikigusana na ya kigeni, zinaachana na kila moja inakwenda zake."

"Hazina macho, hazina ubongo," alisema Kasuku polepole, "na zinajua mama yao ni nani?"

 Shemeji ndiye aliyejibu.

"Ndege wa rangi moja huruka pamoja. Shemeji, chungu cha maharage na mchele ungekichambua wewe mchana kutwa, na bado tungetafuna mawe. Hawa wamechambuana wenyewe wewe ukiwa unakoroma."

"Mimi sikoromi."

"Muulize Kasuku."

"Unakoroma, baba."

Fundi Kamba alitabasamu. Lilikuwa tabasamu dogo, lakini shemeji aliliona, akainama haraka kujifanya anatazama sahani.

Kwa kijiti chembamba na kijiko, walihamisha vidonge vyekundu na kuvirudisha baharini. Vile vya kahawia walivibakisha. Kila siku, asubuhi na jioni, Fundi Kamba alibadilisha maji. Aliyatoa kwa kikombe, akamimina mengine kando kando, kimya kimya. Aliacha kusuka ili afanye kazi hiyo. Na kwa kuwa mikono yake haikuwa na kamba, alianza kujibu maswali.

"Baba, wanaumwa njaa?"

"Bado hawana pa kulia. Bi Hadubini anasema wanajenga kwanza."

"Nani anawaambia wajenge wapi?"

"Nilimuuliza. Anasema za ngozi zinakwenda nje, za kuvuta maji zinabaki ndani. Zile zinazopotea njia huendelea kutafuta. Wataalamu nao bado wanachunguza zinajuaje."

"Hata wao hawajui yote?"

"Hata wao."

Siku moja harufu mbaya ilijaa chumbani. Ile sahani aliyoijaza sana ilikuwa imeoza. Maji yake yalikuwa meupe na mazito. Fundi Kamba aliishika, akasimama nayo mlangoni, hawezi kwenda mbele wala kurudi nyuma.

"Nilitaka kuziokoa zote," alimwambia Bi Hadubini.

"Najua."

"Ulijua zitaoza?"

"Nilidhani hivyo. Lakini siku ile hukuwa mtu wa kuambiwa acha." Alipokea ile sahani mikononi mwake. "Hata kituoni vingi hufa, Baba Kasuku. Hatumwagi sahani zilizo nzima kwa ajili ya moja iliyoharibika. Njoo, tutazame zilizobaki."

Zilizobaki zilikuwa zimebadilika. Vidonge vingi vilikuwa vimepauka rangi na kufa. Lakini vichache vilikuwa vimelainika, vikashika kioo, vikajitandaza kama tone la asali. Juu yake kulikuwa na ngozi nyembamba inayong'aa. Na katikati ya kimoja, kwa kioo cha kukuzia, kulionekana kitu kama bomba dogo la moshi.

Bi Hadubini alishusha pumzi. Alitia kidole kwenye unga wa mkaa uliosagwa laini sana, akaukoroga kwenye tone la maji ya bahari, akalidondosha karibu na kile kidonge.

"Tazama hapo. Usipumue juu yake."

Fundi Kamba aliinama, jicho kwenye kioo. Vumbi jeusi lilitulia. Kisha likaanza kujongea, polepole, kuelekea kwenye kidonge. Halikuelea ovyo. Lilivutwa. Na kutoka kwenye lile bomba dogo, maji yalikuwa yanatoka, yakisukuma punje moja nyeusi juu, juu, mpaka ikaanguka pembeni.

"Anakunywa," alisema Fundi Kamba.

"Anakunywa, na anatoa. Huyo si kidonge tena. Huyo ni sifongo."

Fundi Kamba hakuinua kichwa. Kioo cha kukuzia kilikuwa kimelowa. "Ahsante," alisema. "Jirani, ahsante. Sijui niseme nini kingine."

"Usinishukuru peke yangu. Nilipoanza kazi kituoni, nilizunguka kwa wakulima nikiomba sifongo wa kujifunzia. Walinicheka. Mke wako alinikatia wake, akaniambia, chukua, dada, ukijua kitu uje utuambie." Bi Hadubini alivua miwani akaifuta. "Nimechelewa kuja. Lakini nimekuja."

Sifongo wale wachanga walipokuwa na nguvu, waliwekwa kwenye vigae safi, wakashika. Vigae vikafungwa kwenye kamba mpya. Lakini kabla ya hapo, Bi Hadubini aliingia majini na Fundi Kamba, shemeji na Kasuku, akawafundisha yale ambayo Mama Kasuku alikuwa akiyafanya peke yake.

"Sifongo usimng'oe. Mkate kwa kisu kikali, na uache shina lake kwenye kamba. Kutoka kwenye shina atakua tena. Unapotaka kipande cha kupanda, kikate chini ya maji. Usikiinue hewani. Hewa ikiingia kwenye vile vitundu, maji hayapiti tena, naye hufa. Kifunge bila kukaza. Wape nafasi kati ya mmoja na mwingine. Na matope?"

"Tunayaondoa," alisema shemeji.

"Vipi?"

"Kwa kuitikisa kamba ndani ya maji, na mwani tunauchuma kwa mkono," alisema Fundi Kamba. "Hatuoshi. Hatukandi. Hatukamui." Alimtazama shemeji. "Nimesema kabla hujasema."

"Nilikuwa nimeshafungua mdomo."

"Lini umewahi kuufunga?"

Tangu hapo kazi haikuwa tena ya baharini kwako, hodhini kwangu. Kila maji yalipokupwa walikwenda wote. Shemeji alifunga, Fundi Kamba alikata, Kasuku alichuma mwani na kuuliza maswali. Sifongo hakui upesi. Mvua zilikuja, zikaenda, zikaja tena. Wachache walikufa. Waliobaki wakanenepa, wakakatwa vipande, na vipande vikawa sifongo kamili. Kasuku alirefuka, meno ya utotoni yakaisha. Nguo za mama yake zilitoka sandukuni, na shemeji alimshonea nyingine kutokana nazo.

Siku ya mavuno ya kwanza ilifika. Hawakuvuna wengi. Fundi Kamba aliwakata kwa kisu kikali na kuacha mashina. Kwenye chumba cha kuoshea aliwakanda, akawakamua, kama zamani. Lakini maji ya mkamuo wa kwanza hakuyamwaga kwenye mfereji. Aliyakinga kwenye ndoo yenye maji ya bahari.

"Unakwenda kuyamwaga chini ya nguzo?" aliuliza shemeji. "Bi Hadubini kasema karibu seli zote zitaliwa na samaki."

"Najua."

"Sasa?"

"Sasa samaki nao washukuru."

Sifongo walipokauka, Fundi Kamba alimchukua mmoja kutoka kwenye kamba ya kuanikia. Alimlowesha kidogo. Kisha alimwita binti yake. Kasuku alikuja akiongea, habari ya shule, habari ya rafiki yake, habari ya paka wa jirani aliyezaa.

Baba yake aliinama na kumpitisha yule sifongo kwenye shavu.

Kasuku alinyamaza. Alifumba macho. Shemeji aliacha kukunja vitambaa. Bi Hadubini, aliyekuwa mlangoni na kikombe chake cha chai, hakunywa.

"Vipi?" aliuliza Fundi Kamba. "Anakwaruza?"

Kasuku alitikisa kichwa. Aliushika mkono wa baba yake na kuubakiza pale pale, shavuni, sifongo katikati.

"Huyu ndiye," alisema.